Maji ya Bomba Yalipoleta Kuhara

Leo tusikilize habari ya maji. Mwaka 1993, katika mji wa Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua kuhara. Maji yao yalikuwa ya bomba, tena yametiwa dawa ya klorini. Basi ugonjwa ulipita wapi? Kidudu kiitwacho kriptosporidi, kidogo hata jicho halikioni, kilipenya vichujio vya mtambo wa kusini. Kina ganda gumu. Klorini haikiui upesi. Lakini moto hukiua. Watu wakaambiwa wachemshe maji. Nawe yaache yatokote dakika moja nzima. Huko milimani, dakika tatu. Kisha yafunike. Usiyachote kwa kikombe ulichonywea, maana kuni zako zitakuwa zimekwenda bure!