Nyumba ikiwekwa alama ya X: mahakama inaweza kufanya nini?

(Muziki wa kufungua, unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Mama mmoja hapa kambini alituletea swali. Binti yake anaishi Nairobi, kwenye kibanda kilichochorwa alama ya X. Anauliza: "Sisi wakimbizi, mahakama itatusikia?"

Ndiyo, mama. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofaa. Haikusema kila raia. Kifungu cha 22 kinaruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya kundi, na kinasema kufungua kesi ya haki hizo hakutozwi ada. Tena tarehe 9 Februari 2017, Mahakama Kuu ilisema agizo la kufunga kambi ya Dadaab linakiuka Katiba.

Lakini usichelewe. Sikia yaliyowapata wakazi wa Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Mwaka 2011 walipewa notisi ya siku 7. Walikwenda mahakamani, wakapata amri ya kuzuia ubomoaji. Mwezi Novemba nyumba zikabomolewa hivyo hivyo. Walishinda Mahakama Kuu 2013, wakashindwa Mahakama ya Rufaa 2016. Mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema watu waliojenga maisha kwenye ardhi ya umma kwa muda mrefu wanaweza kudai haki ya makazi. Ushindi mkubwa, lakini watoto waliolala nje 2011 walikuwa wamekua.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sheria ya ardhi ilirekebishwa 2016. Sasa hata anayekaa kwenye ardhi bila hati lazima apewe notisi ya maandishi ya angalau miezi 3. Ukiipata, mahakama inaweza kuifuta, kuibadilisha au kuisimamisha kwa muda. Kwa hiyo:

Moja, tunza notisi na uandike siku uliyoipokea.
Mbili, piga picha za nyumba, weka risiti za kodi na kitambulisho chako cha mkimbizi.
Tatu, andikeni majina ya familia zote, mkitaja wazee, wagonjwa na watoto.
Nne, muoneni wakili wa msaada wa kisheria pamoja, kabla siku hazijaisha.

Mama, mpigie binti yako leo. Mahakama huziba ufa upesi kuliko inavyojenga ukuta.

(Muziki wa kufunga.)