Kivu: Moteri ya pikipiki haiuawi na mafuta meusi, inauawa na mafuta machache

Goma, Bukavu, Butembo, Beni: katika miji hii pikipiki ndiyo inapeleka mtoto shuleni, mgonjwa hospitalini na gunia la muhogo sokoni. Kwa motari, pikipiki ni shamba lake: ikilala garaji, nyumbani hakupikwi. Na moteri ikifunguliwa kabla ya wakati, mara nyingi ugonjwa wake ulianzia kwenye kitu cha bei ndogo: lita moja ya mafuta ya moteri.

Lita moja si mfano tu. Pikipiki za kazi zinazoonekana sana hapa, kama TVS na Boxer, zinabeba karibu kiasi hicho. Gari dogo linabeba lita tatu au nne. Gari likipoteza robo lita, linaendelea bila shida. Pikipiki ikipoteza robo lita, imepoteza karibu robo ya mafuta yake yote. Tena, nyingi za pikipiki hizi hazina taa ya kumwonya dereva kwamba mafuta yamepungua. Anayejua ni yule tu aliyepima.

Mafuta hayo machache yana kazi nyingi. Yanalainisha pisto, yanalainisha vitesi, na ambrayaji inazunguka ndani yake. Tena yanatoa joto, maana moteri hizi hazina maji ya kuzipoza. Zinategemea upepo na mafuta. Kwenye mpando wa Ngomo, kati ya Uvira na Bukavu, pikipiki yenye abiria wawili na mizigo inakwenda polepole kwa vitesi ya kwanza. Upepo ni mdogo na joto ni kali. Hapo mafuta ndiyo yanaokoa moteri.

Rangi inadanganya

Wamotari wengi wanahukumu mafuta kwa rangi: yakiwa meusi, wanasema yamekufa, yakiwa meupe kidogo, wanaendelea bila kupima. Lakini mafuta mazuri yanakuwa meusi kwa sababu yanafanya kazi. Yanaosha masizi ndani ya moteri na kuyabeba. Weusi peke yake hauelezi kama yanafaa au hayafai.

Kuna rangi mbili za kuogopa kweli. Mafuta yakifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Inatokea baada ya kuvuka mto wenye maji mengi, au pikipiki inapooshwa kwa maji ya nguvu. Pikipiki hiyo isitembee kabla mafuta hayajabadilishwa. Na yakionyesha chembe zinazong'aa, chuma kinakulana ndani. Fundi aangalie haraka.

Moshi wa bluu nyuma unasema jambo lingine: moteri inachoma mafuta yake yenyewe. Pikipiki ya namna hiyo inahitaji kupimwa kila asubuhi, si mara moja kwa juma.

Namna ya kupima

Pikipiki isimame mahali palipo sawa, wima, isiegemee upande. Ikiwa ilikuwa inatembea, izimwe na kungojwa dakika chache ili mafuta yashuke chini. Jauji, yaani kifuniko chenye kijiti, inatolewa, inapanguswa kwa kitambaa safi, inarudishwa, kisha inatolewa tena na kusomwa. Mafuta yanapaswa kufika kati ya alama mbili.

Kosa moja linarudiwa sana hapa. Kwenye pikipiki nyingi jauji haifungwi wakati wa kupima. Inawekwa tu juu ya tundu. Anayeifunga mpaka mwisho anaona mafuta mengi kuliko yaliyomo. Kitabu cha pikipiki ndicho kinasema. Pikipiki nyingine hazina jauji, zina kioo kidogo chini ya moteri, na alama mbili ziko pembeni yake.

Kuzidisha pia ni kubaya. Mafuta yakipita alama ya juu yanapigwapigwa na kutoa povu, na mengine yanasukumwa hadi kwenye filtri ya hewa au yanatoka kwenye joenti.

Vidanji

Pikipiki mpya inahitaji vidanji ya kwanza mapema, kati ya kilometa 500 na 1000, kwa sababu vyuma vipya vinaacha unga wake ndani ya mafuta. Baada ya hapo kitabu cha mtengenezaji ndicho kinaongoza. Lakini kwa taxi ya mjini, yenye kusimama na kuondoka siku nzima katika vumbi la mawe ya volkano, ni busara kutongojea kikomo cha mwisho cha kitabu.

Kontere ya pikipiki nyingi imekwisha kufa. Basi hesabu ifanywe kwa siku. Anayetembea kilometa 100 kwa siku, siku sita kwa juma, anamaliza kilometa 2400 katika majuma manne. Tarehe ya vidanji iandikwe kwenye daftari au kwenye simu.

Mafuta ya zamani yanamwagwa moteri ikiwa na joto kidogo, isiwe ya kuunguza. Mafuta ya baridi ni mazito na yanaacha uchafu nyuma. Bulo ya chini inafunguliwa, mafuta yanaachwa yatiririke mpaka yaishe, filtri inasafishwa au kubadilishwa, na rondele inaangaliwa. Bulo ifungwe kwa kiasi: chuma cha moteri ni aluminiamu, nguvu nyingi inaharibu uzi wake. Kisha mafuta mapya yanatiwa, moteri inawashwa dakika mbili, inazimwa, na kupimwa tena.

Kuosha moteri kwa mazutu au esansi ni desturi mbaya. Kinachobaki ndani kinapunguza uzito wa mafuta mapya.

Kwenye chupa, maandishi mawili ni ya maana. La kwanza ni uzito, kama 20W-50 au 10W-40, kufuatana na kitabu. La pili ni JASO MA au MA2, kipimo cha Kijapani kwa pikipiki ambazo ambrayaji yake inakaa ndani ya mafuta. Mafuta mengine ya gari yana dawa ya utelezi inayofanya ambrayaji iteleze: moteri inalia, pikipiki haipandi. Mafuta ya 2T ni ya kuchanganya na esansi katika moteri za aina nyingine, si ya hapa. Na mafuta yanayouzwa katika chupa ya maji, bila kizibo cha kiwanda, hakuna anayeweza kujua yalitoka wapi.

Nani analipa?

Hapa ndipo mambo mengi yanaharibikia. Pikipiki nyingi si za anayeziendesha. Motari anapeleka pesa ya kila siku kwa mwenye mali, na mara nyingi vidanji haikutajwa siku ya kupatana. Motari anasema moteri ni ya patroni. Patroni anasema anayeitembeza ndiye aitunze. Katikati yao mafuta yanapungua.

Siku moteri inakwama, wote wawili wanapoteza: mmoja analipa pisto na segma, mwingine anakaa siku nyingi bila kazi. Na motari mwenye kontra ya kuichukua pikipiki baada ya muda, akiacha mafuta, anajiandalia urithi wa moteri iliyokufa. Mapatano yaandikwe tangu mwanzo: nani ananunua, kila baada ya siku ngapi, mafuta gani. Na patroni anapopokea pesa yake, naye atoe jauji na kuangalia.

Mafuta ya zamani yasimwagwe chini. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano yenye matundu, na kinachomwagwa juu kinashuka. Watu wengi wa mji wanachota maji ya kunywa katika Ziwa Kivu. Mafuta hayo yatiwe katika bidoni na kufungwa, yapelekwe garaji ambako wenye kuyahitaji wanayachukua, kama wanaopaka mbao ili mchwa wasizile. Na fundi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana mafuta yaliyotumika yanadhuru ngozi.