Upepo Ukiwa Mgongoni

Mimi ni mtoto wa Tanga, lakini kuogelea nilijifunzia Plymouth nikiwa na miaka 29, kwenye bwawa moja na watoto wa miaka sita. Wasichana wengi wa pwani tulilelewa hivyo: bahari tuliiona kila siku, maji yakipwa tulishuka kuokota chaza, ila kwenda kilindini ilikuwa kazi ya kaka zetu. Leo nina stashahada ya nyumbani, shahada ya huku, zamu za usiku wodini, na ubao ninaosimama juu yake nikipiga kafi baharini. Mama huniuliza kwenye simu, "Mwanangu, huko ngalawa hakuna?"

Mchezo wenyewe ni wa kushuka na upepo. Pwani ya kusini ya Cornwall upepo mwingi hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo sisi huingilia Looe na kutokea Portwrinkle, kama kilomita 10 kuelekea mashariki. Mkia wa ubao ukianza kuinuka unapiga kafi mara nne, tano, kwa nguvu. Wimbi likishakuchukua unasimama tu. Baada ya zamu tatu za usiku, ni kama mtu amekutua mzigo kichwani.

Ila upepo unaokupeleka haukurudishi. Maamuzi yote hufanywa nchi kavu: utabiri, saa za maji kujaa na kupwa, mahali pa kutokea ukishindwa. Njia hii ina fukwe za kukimbilia, zikiwemo Seaton na Downderry. Kwingine kwingi ni magenge na miamba. Wimbi likigonga jabali hurudi nyuma, likakutana na linalokuja, na hapo maji huchafuka kila upande, hakuna wa kusimama. Ndiyo maana tunapita mbali na mawe.

Mei mwaka jana nilijisahau. Nilikuwa na mwenzangu wa wodini, mtu wa Mombasa. Tulipoipita Seaton nilichoka, nikapiga magoti nipumzike. Upepo ukanisogeza polepole kwenye magenge, nami natazama mbele tu. Nilipoinuka, wimbi la kurudi likanipiga ubavuni.

Maji yalikuwa nyuzijoto 12 hivi. Baridi ya ghafla hukufanya uvute pumzi kwa nguvu bila hiari, hata kichwa kikiwa chini ya maji, na moyo hukimbia. Dakika hizo za kwanza humzamisha hata hodari wa kuogelea. Dawa yake ni kutopambana: lala chali, masikio ndani ya maji, subiri pumzi irudi. Nililala. Nilihesabu hadi 90, kama ninavyohesabu mapigo ya mgonjwa. Jaketi lilinibeba, na kamba ya kiunoni iliuzuia ubao usiende zake. Mwamba ulikuwa mbali nami kama upana wa barabara.

Mwenzangu hakunifuata, na alifanya vizuri; tungekuwa wawili. Alisimamisha kafi juu, akanionyesha upande wa kutokea. Nilipanda ubao kwa tumbo, nikavuta maji kwa mikono, na tukatokea Downderry badala ya Portwrinkle.

Baba watoto alikuwa akitusubiri Portwrinkle na gari. Makubaliano yetu ni haya: nikichelewa nusu saa, anapiga 999 na kuomba walinzi wa pwani, bila kuona haya. Simu yangu huivaa shingoni kwenye mfuko usiopitisha maji. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikaibonyeza kwa pua.

"Zilibaki dakika nne," akasema. Kisha akanyamaza, nikasikia watoto wakigombania biskuti kiti cha nyuma. "Mko ufukwe gani?"

Ubao ulikaa gereji hadi Julai. Siku hizi naingilia Looe na kutokea Downderry, basi. Mama sijamwambia, na wale wa Tanga mnaosoma hapa, tafadhali msinisemee.