Duka la Jirani na Haki ya Mnunuzi

Unga, sukari, chumvi na sabuni za wananchi walio wengi hutoka katika duka dogo la mtaani. Kwa hiyo namna duka hilo linavyoendeshwa si jambo la kupuuzwa.

Historia ya nchi jirani ya Tanzania yatufundisha mengi. Mwaka 1976 ilianzishwa Operesheni Maduka, kwa shabaha ya kuyaweka maduka ya rejareja mikononi mwa vijiji na vyama vya ushirika badala ya watu binafsi. Nia ilikuwa kumkinga mnunuzi na ulanguzi. Lakini pahala pengi maduka ya watu binafsi yalifungwa kabla ya yale ya vijiji kupata bidhaa, mtaji na watunza hesabu wa kutosha. Mnunuzi aliyekusudiwa kunufaika ndiye aliyetaabika, na haukupita muda mrefu operesheni hiyo ikasimamishwa.

Funzo ni kwamba mnunuzi haulizi kwanza duka ni la nani. Hutazama kama bidhaa ipo, kama mizani ni ya haki, na kama bei imeandikwa mahali anapoiona. Basi hapana budi mwenye duka, awe mtu binafsi au chama, aiweke mizani mbele ya mnunuzi, ahudumie watu kwa zamu bila upendeleo, wala asimlazimishe anayetaka sukari kununua na asichokihitaji. Mtoto aliyetumwa apimiwe sawasawa na mzee. Na mnunuzi naye, akipunjwa, asinyamaze. Adai haki yake papo hapo.