Shule Iliyojengwa kwa Udongo wa Kijiji

(Somo la watu wazima, kama lilivyosemwa redioni. Mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate polepole katika kurasa zao.)

Leo tutazungumza habari za ujenzi. Wengi wenu mmejenga nyumba, au mmesaidia kujenga, kwa hiyo jambo hili si geni kwenu. Twataka kuona jinsi mwanafunzi mmoja alivyolitazama jua la kwao, mvua ya kwao na udongo wa kwao, ndipo akachora ramani ya shule.

Mwanafunzi huyo ni Francis Kéré. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso, Afrika ya Magharibi. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji. Siku hizo Gando hakukuwa na shule. Alipotimiza miaka saba ilimbidi aondoke nyumbani, akasome katika mji wa Tenkodogo. Darasa lake lilikuwa la saruji, na watoto zaidi ya 100 walibanana ndani yake. Joto lilikuwa kali na mwanga ulikuwa hafifu.

Baadaye alijifunza useremala, na mwaka 1985 akapata msaada wa masomo, akaenda Ujerumani. Huko mchana alijifunza kutengeneza mapaa na samani, na usiku alihudhuria masomo ya sekondari. Alipoingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, mwaka 1995, alikuwa mtu mzima wa miaka 30. Basi ninyi mnaosoma baada ya kazi za mchana, mwoneni kuwa ni mwenzenu.

Akiwa bado mwanafunzi, aliamua kujenga shule kijijini kwao. Fedha hakuwa nazo. Mwaka 1998 alianzisha chama cha kuchanga, akawaomba wanafunzi wenzake wapunguze matumizi ya kahawa na sigara, na kile kilichobaki wakitoe kwa ajili ya shule ya Gando. Haba na haba hujaza kibaba. Ujenzi ulimalizika mwaka 2001.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Huko Gando jua ni kali sana, na katika miezi ya joto hupita digrii 40. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, lakini hunyesha kwa nguvu. Saruji na chuma ni ghali. Udongo wa mfinyanzi upo tele. Haya ndiyo mambo aliyokuwa nayo mkononi.

Swali la kwanza lilikuwa la udongo. Wanakijiji walipoambiwa kuwa shule itajengwa kwa udongo, walisita. Wao waliijua nyumba ya udongo tangu utotoni. Waliona jinsi mvua inavyoumega ukuta kila mwaka, na kila mwaka mtu hana budi kuukandika upya. Iweje mtu atoke masomoni Ulaya arudi na udongo ule ule?

Hofu yao ilikuwa ya haki, na ilijibiwa kwa kazi. Udongo ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, yakapatikana matofali magumu yasiyohitaji kuchomwa kwa kuni. Tena paa lilitokezwa mbali kupita kuta, ili maji ya mvua yadondoke nje yasiuguse ukuta. Basi adui wa udongo ni maji, na mwenye kuuepusha ukuta na maji amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Ukuta mnene wa udongo una faida nyingine. Hauchukui joto upesi. Jua la mchana hulipiga tofali kwa saa nyingi kabla joto halijapenya ndani.

Swali la pili lilikuwa la paa. Ninyi mnajua nyumba ya bati ilivyo saa nane mchana. Bati hushika moto wa jua mara moja, nalo huutupa moto huo chini, juu ya vichwa vya watu. Lakini bati huzuia mvua vizuri, na linapatikana. Afanyeje mtu anayelitaka bati bila kulitaka joto lake?

Alilitenga bati na chumba. Juu ya kuta ilipitishwa mihimili ya zege, juu ya mihimili zikalazwa nondo, na juu ya nondo yakapangwa matofali ya udongo kuwa dari yenye nafasi za kupitisha hewa. Kisha juu ya dari hiyo zikawekwa kenchi za chuma, na bati likaezekwa juu yake, mbali na dari. Kati ya dari na bati pana uwazi, na upepo hupita humo.

Fikirini sasa hewa inavyokwenda. Hewa ya moto hupanda juu, kama moshi wa jikoni. Hewa ya darasani ikipata joto hupanda, hutokea kwenye nafasi za dari, na upepo unaopita chini ya bati huichukua. Hewa nyingine huingia madirishani kushika mahali pake. Hivyo darasa hupumua mchana kutwa, wala hapana mashine inayotumia umeme.

Swali la tatu lilikuwa la mwanga. Mtoto hawezi kusoma gizani, lakini jua likimpiga machoni hawezi kusoma vilevile. Paa lile lililotokeza huleta kivuli juu ya kuta na madirisha. Mwanga huingia, mwale mkali hubaki nje. Baadaye, kwa ajili ya maktaba ya shule, wanawake walileta vyungu vya udongo vilivyofinyangwa kwa desturi ya kijiji. Vilikatwa juu na chini, vikapangwa, na zege la dari likamwagwa kuvizunguka. Kila chungu kikawa tundu la kuingiza mwanga na kutoa hewa ya moto.

Nani walijenga? Wanakijiji wenyewe. Watoto walikusanya mawe ya msingi. Wanawake walileta maji ya kufyatulia matofali, na sakafu ya udongo ikapigwa kwa mikono mpaka ikawa laini na ngumu. Vijana walijifunza kutumia msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuunga chuma, wakatengeneza kenchi kwa nondo za kawaida. Kazi ilipokwisha, ufundi ulibaki kijijini. Wenye kujenga walijua pia namna ya kutengeneza kitakachoharibika.

Mwaka 2004 shule hiyo ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, na mwaka huo huo Kéré akamaliza masomo yake ya chuo. Watoto waliongezeka, hata mwaka 2008 sehemu mpya ya madarasa ikakamilika. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni kubwa kabisa katika kazi ya usanifu majengo. Yeye ndiye Mwafrika wa kwanza kuipata.

Ndugu zangu, msije mkadhani kuwa somo hili lasema udongo ni bora kuliko saruji. Katika shule ya Gando saruji imo, na chuma kimo, kila kimoja mahali kinapofaa. Wala msiige jengo lile kama lilivyo. Mtu wa mlimani penye baridi akiacha upepo upite juu ya dari yake, atatetemeka usiku kucha! Yafaa kuiga yale maswali: jua la hapa latoka wapi na linapiga upande gani? Mvua yaja na upepo wa upande upi? Ni kitu gani tunacho karibu, na udhaifu wake ni nini? Nani atakayekitengeneza kikiharibika? Mwenye kujenga bila kuuliza hayo hupoteza fedha zake, na watoto huketi jashoni miaka mingi.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini watu wa Gando walisita kujenga kwa udongo?
2. Uwazi kati ya dari na bati una kazi gani?
3. Litazameni jengo mnalosomea. Mwanga waingia upande gani, na hewa ya moto yatokea wapi?
4. Kama lingejengwa upya, mngebadili nini kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa?

Jibu la swali la nne kila mmoja aliandike kwa mkono wake, mistari mitano. Kwaherini, mpaka somo lijalo.