Vijana wa Pwani na Kazi ya Uthamini

Tangu tarehe 5 Agosti 2017, Rais John Magufuli na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walipoweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi huko Chongoleani, Tanga, neno "fidia" limezoeleka mno katika mabaraza ya mwambao wetu wa kaskazini. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, na kati ya hizo kilomita 1,147 zimo ndani ya Tanzania. Mwisho wake ni rasi ya wavuvi na wakulima wa minazi. Lakini kabla ya tingatinga kukanyaga shamba la mtu yeyote, hutangulia mtu mwenye kalamu, fomu na utepe wa kupimia. Mtu huyo ni mthamini.

Wako wanaomchanganya na mpima ardhi. Mpima huonyesha mpaka wa kiwanja ulipo. Mthamini hutaja, kwa shilingi, thamani ya kilichomo ndani ya mpaka huo. Benki humhitaji kabla ya kukopesha kwa dhamana ya nyumba. Warithi humhitaji wanapogawana mirathi, na Serikali humhitaji inapotoza kodi au inapotwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Mwanakijiji wa kawaida huenda akakutana naye siku moja tu katika maisha yake, nayo ndiyo siku inayoamua kama ataondoka kwake akiwa na uwezo wa kujenga tena au ataondoka mikono mitupu.

Pamoja na uzito huo wote, ni nadra kumsikia mzazi wa Pangani, Mkinga au Pemba akimwambia mwanawe asome awe mthamini. Udaktari, ualimu na uanasheria hutajwa, uthamini hautajwi. Sisi tunaona kwamba hilo ni pengo, na kwamba wakati umefika wa kuliziba.

Upungufu huu una historia yake. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, nchi yetu ilishika msimamo kwamba ardhi tupu haina bei. Kilichothaminiwa ni jasho la mtu juu ya ardhi hiyo, yaani nyumba, kisima na mazao. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwaka 1991 na 1992 ilisikiliza malalamiko ya wananchi kuhusu ardhi, Sera ya Taifa ya Ardhi ikafuata mwaka 1995, na hatimaye Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zikatamka wazi kwamba maslahi ya mtu katika ardhi yana thamani, na kwamba anayenyang'anywa maslahi hayo alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Sheria hizo zilipoanza kutumika mwaka 2001, kazi ya mthamini ilipanuka. Si mti na ukuta tu tena. Ni ardhi yenyewe.

Je, kijana huingiaje katika kazi hii? Kwanza, asiidharau hesabu. Hesabu, jiografia na uchumi ndiyo masomo yatakayomfaa tangu sekondari. Mlango mkuu ni Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, ambacho asili yake ni shule ya mafunzo ya upimaji iliyoanzishwa mwaka 1956, na ambacho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Shahada ya usimamizi wa ardhi na uthamini huchukua miaka minne. Lakini shahada pekee haimpi mtu ruhusa ya kutia saini ripoti. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Usajili wa Wathamini, na mhitimu hana budi kufanya kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa, apate uzoefu, kisha aridhishe Bodi hiyo kabla ya kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Hata baada ya hapo, uthamini wa fidia hauna nguvu mpaka uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali.

Njia hiyo ni ndefu, na inastahili kuwa ndefu. Tutazame mfano mmoja. Kanuni za mwaka 2001 zinaagiza kwamba, mbali na thamani ya ardhi na nyumba katika soko, mwenye nyumba anayehamishwa alipwe posho ya makazi ambayo ni sawa na kodi ya nyumba yake kwa miezi 36. Kama nyumba hiyo ingepangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi, posho hiyo pekee ni shilingi 1,080,000. Ipo pia posho ya usumbufu, na ipo posho ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mthamini asiye makini akisahau mstari mmoja tu katika fomu, mjane mmoja amepoteza mabati ya nyumba nzima, na huenda asijue kamwe kwamba alikuwa na haki hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, liko jambo ambalo darasa la Dar es Salaam haliwezi kulifundisha likakamilika, nalo ni mali ya mtu wa pwani ilivyo. Katika mwambao huu na visiwani, mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu mmoja ana shamba, na mwingine ana minazi iliyosimama juu yake, aliyoirithi kwa babu. Mikarafuu ya Pemba ina habari kama hiyo. Mgeni akifika na kumwandika mwenye shamba peke yake, amezua ugomvi utakaofika mahakamani na kuvunja udugu. Kadhalika, mnazi mchanga, mnazi unaozaa na mnazi uliozeeka si mali moja, na anayeijua tofauti hiyo bila kuuliza ni yule aliyekua chini ya minazi. Makaburi nayo yana sheria yake tangu mwaka 1969, lakini sheria haimwonyeshi mtu kaburi lisilo na jiwe. Wazee wa mahali ndio wanaomwonyesha, nao humwonyesha wanayemwamini.

Halafu iko bahari. Wando wa mvuvi, shamba la mwani, na pwani tupu ambako akina mama huokota chaza na kombe maji yanapokupwa, vyote hivyo vinalisha watu, lakini havina hati. Fomu ya fidia iliundwa kwa ajili ya ardhi. Wenye mradi wa bomba walijifunga kufuata viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambavyo vinataka riziki ya mtu irejeshwe hata pale asipokuwa na hati. Viwango hivyo vitabaki karatasi ikiwa anayehesabu hajapata kuona dema likitegwa. Kijana wa Jasini, wa Kigombe au wa Mkoani anapoingia kazi hii, huingia na elimu ambayo mwenzake angeitafuta kwa miaka mingi.

Hapa tunapenda kuwatahadharisha vijana wenyewe. Kuzaliwa pwani si kibali cha kuwapendelea watu wa pwani. Mthamini huvutwa huku na huku. Upande mmoja yuko anayepanda migomba usiku baada ya kusikia tangazo, akitaka ihesabiwe asubuhi. Upande wa pili yuko mkubwa anayetaka jumla ipungue ili bajeti itoshe. Mthamini anayekubali neno la mmoja wao amewasaliti wote wawili, kwa kuwa mahesabu yake yakishashukiwa hakuna atakayeyaamini tena, hata siku atakapokuwa amesema kweli.

Kwa viongozi wa Serikali tuna rai tatu. Ya kwanza, halmashauri za Mkinga, Tanga, Muheza na Pangani ziwapokee wahitimu kwa mafunzo ya kazi chini ya wathamini waliosajiliwa, maana kijana asiye na mahali pa kupata uzoefu hawezi kusajiliwa, hata awe na akili namna gani. Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambako ardhi si jambo la Muungano na sheria zake ni nyingine, tunaomba mamlaka za huko zifanye vivyo hivyo kwa utaratibu wao. Ya pili, kila mwenye mali asomewe kwa Kiswahili chepesi kilichoandikwa katika fomu yake kabla ya kutia saini au dole gumba. Ya tatu, fidia ilipwe ndani ya miezi sita kama sheria inavyotaka. Ikichelewa, sheria yenyewe inadai riba, na ikipita miaka miwili uthamini hauna budi kufanywa upya. Kazi njema ya mthamini huharibika mikononi mwa mlipaji mzembe.

Bandari zitapanuliwa, barabara zitajengwa na hoteli zitaongezeka katika fukwe zetu. Hatuyapingi maendeleo hayo. Tunachotaka ni kwamba kila atakayeombwa kupisha ahesabiwe na mtu aliyesoma, aliyesajiliwa, na anayeujua mnazi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki hiyo lazima kwanza awepo wa kuihesabu.