Baridi ya Njombe: anza na dari, kisha jiko

Juni ikiingia Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sweta moja haitoshi. Kwenye uwanda wa Kitulo, Makete, kuna asubuhi nyasi hukutwa nyeupe kwa sakitu. Ndiyo majira ya watu kuulizia hita na, kwa kaya nyingi, kuingiza jiko la mkaa chumbani.

Jiko hilo tulizungumze kwanza, kwa kuwa linaua. Watu hulikoleza nje hadi moshi uishe, kisha hulala nalo wakiamini ni salama. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kwa wingi hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala anaweza kufa bila kuzihisi. Kufunika makaa kwa majivu hakusaidii, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Akitokea mtu kulalamika, mtoeni nje mara moja, mpelekeni hospitali akapewe oksijeni.

Sasa, kabla hujaulizia bei ya kifaa, tazama juu. Nyumba nyingi za huku zina bati tupu bila dari. Hewa ya moto hupanda, hukutana na bati la baridi, joto likapotea. Kuwasha hita humo ni kujaza maji kwenye gunia. Piga dari kwanza, mbao za msindano si haba Njombe, kisha ziba mianya kati ya ukuta na paa.

Hita ya wati 2,000 ikifanya kazi mfululizo hula uniti mbili kwa saa. Saa nne kila usiku ni uniti 240 kwa mwezi. Mteja mdogo wa TANESCO, anayepewa bei nafuu kwa kutozidisha uniti 75, hapo hana chake. Muuzaji akidai hita ya mafuta hutoa joto zaidi kuliko ya feni yenye wati zilezile, usimkubalie. Ya feni hupasha upesi; ya mafuta hubaki na joto kwa muda baada ya kuzimwa. Mimi ningetumia hita kwa chumba kimoja tu, anapoogeshwa mtoto mchanga kwa mfano, na ningeichomeka ukutani moja kwa moja, maana waya mwembamba wa ekstensheni hupata moto.

Kwa familia inayoishi huku miaka yote, chaguo langu ni jiko la chuma la kuni, lenye mlango na bomba la moshi. Moto wa wazi ukutani unapendeza, lakini joto lake kubwa hutoka na dohani. Mlango wa chuma huibana hewa, kuni zikaungua polepole. Miwati iliyopasuliwa na kuanikwa miezi kadhaa inafaa sana. Kuni mbichi huacha masizi yanayoweza kushika moto ndani ya bomba, hivyo lisafishwe kila mwaka kabla ya Juni. Na linapopita kwenye dari, fundi aache nafasi ya kutosha kati yake na mbao, kisha alipandishe hadi lipite kilele cha paa, upepo usirudishe moshi ndani.